Kidole Chenye Unga

Kitufe nilikipa upana wa punje ya mtama.
Kilipendeza. Kule juu, ghorofani Mkomani,
feni ikizunguka, mimi na laptopu na chai ya tangawizi,
kila kitu kilipendeza.

Kisha nikateremka hadi Langoni,
jikoni kwa Bi Tima Bunu, anayeoka mofa tangu sijazaliwa.
Nikamwekea simu mkononi, nikasema: pokea oda.
Kidole gumba chake kilijaa unga.
Akabonyeza. Simu kimya.
Akajifuta kwa leso, akabonyeza tena;
ukafunguka ukurasa ambao hakuuita.
Akaishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyepewa kaa aliye hai:

"Hapa pameandikwa *Wasilisha*.
Nimwasilishe nani, na kwa nani?
Na kigari hiki? Mwanangu, ndia hizi za Langoni
umeona lini kigari kikapita?
Maandishi ya kijivu juu ya weupe,
wayaandikia mato ya nani?
Na hii nukta nyekundu. Nadaiwa?"

Nilikuwa na shahada, na cheti chenye muhuri.
Jibu la kigari sikuwa nalo.

Usiku ule nilifuta. Kigari kikawa kikapu,
*Wasilisha* ikawa *Tuma*, kijivu kikawa wino.
Swali la *Je, una uhakika?* nikaliacha,
ingawa alikwisha kulijibu:
"Nimebonyeza mimi. Uhakika anao nani mwingine?"

Lali, mwenye kampuni, hakuyaona haya.
Aliona mchoro unaopanda:
waokaji kumi na mmoja, wakawa sitini, wakawa mia tatu,
Faza, Matondoni, Mpeketoni, kesho Malindi.
"Tunakua," akasema, "tuongeze vitufe:
nyota, pointi, ofa, marafiki."
Nikamwambia mlango, hata uchongwe vipi,
una mahali pamoja pa kusukuma.
Akacheka. Akaongeza nyota.

Alhamisi moja ikaja oda ya matanga: mikate mia nne.
Bi Tima akawasha tanuri kabla ya adhana ya alfajiri,
akaazima mtama kwa jirani, akaamsha wajukuu.
Matanga yalitaka arobaini.
Sifuri yangu ilichelewa kuitika,
na mfiwa, macho yamejaa machozi, akaibonyeza mara mbili.
Na pale alipoulizwa kama ana uhakika,
nani msibani husoma?

Nilimkuta ameketi katikati ya vikapu.
"Yule hana kosa," akasema. "Na mimi sina.
Sasa hesabu, tumebaki na nani?"
Hakunitaja.

Langoni nzima ilikula mofa siku tatu, na punda wawili pia.
Lali akalipa, meno ameyauma.
Mimi nilibaki pale nikiosha masinia,
ndipo nikaiona, ukutani kando ya tanuri, mistari ya mkaa:
vijiti vinne, na cha tano kimelala juu yao,
safu kwa safu, miaka thelathini
bila chaji, bila nywila.

Nikauhamishia ukuta ule kwenye skrini.
Ukitaka arobaini, unaviona vijiti arobaini;
mia nne hujaza kioo mpaka mwenyewe ushtuke.
Kitufe nikakipa upana wa mofa yenyewe.
Bi Tima akakibonyeza kwa kifundo cha kidole. Kikaitika.
"Ehe," akasema, na akarudi kwenye unga wake.
Sijawahi kupata nyota nyingi kuliko hiyo *ehe*.

Wiki iliyopita nilifika Malindi, mtaa wa Maweni,
kwa Mbodze Karisa, muuza mahamri,
mwokaji wetu wa mia nane na kitu.
Akaitazama skrini. Akaigeuza juu chini.
"Hivi vijiti," akauliza, "mnauza na kuni?"

Nikavuta kigoda.
Nikafungua daftari.